Kuomba Ulichokwisha Kupewa

Mchezo wa Sarafina! ulipofunguliwa katika ukumbi wa Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987, Nelson Mandela alikuwa anakaribia kutimiza miaka 25 kifungoni, na hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Afrika Kusini nzima tangu Juni ya mwaka uliotangulia. Wanafunzi wa Soweto wanaosimuliwa katika mchezo huo wanaandaa igizo la shule kuhusu siku ambayo Mandela atafunguliwa, na Sarafina, mmoja wao, ndiye anayechukua nafasi ya Mandela. Wimbo wao mkuu unatangaza kwamba uhuru utafika kesho. Magazeti ya wakati ule hayakumpa mtu yeyote sababu ya kuamini hivyo. Mbongeni Ngema, aliyeuandika mchezo na kuutungia muziki pamoja na Hugh Masekela, aliweka vinywani mwa watoto tangazo ambalo halikuwa utabiri wa siasa wala taarifa ya habari. Lilikuwa sala. Mchezo ukavuka bahari, ukachezwa Broadway mara 597 kati ya Januari 1988 na Julai 1989, na mwaka 1992 ukageuzwa filamu chini ya mwongozaji Darrell Roodt, Leleti Khumalo akiwa Sarafina yuleyule wa jukwaani. Lakini kati ya jukwaa na kamera lilitokea jambo moja kubwa kuliko mabadiliko yote ya waandishi: tarehe 11 Februari 1990 Mandela alitoka gerezani akitembea kwa miguu yake. Filamu ikawa inaimba kesho ambayo, kwa sehemu kubwa, ilikwisha kuwa jana.

Hapo linaingia swali ambalo ni la dini kabla halijawa la sanaa. Je, mtu anaweza kuomba, kwa moyo wa kweli, kitu alichokwisha kupewa? Kijana wa Mpanda, hapa Katavi, anayeikuta filamu hiyo leo, kwenye simu yake au katika banda la video, alizaliwa miaka mingi baada ya gereza kufunguliwa. Anawasikia wanafunzi wakiililia kesho, naye anajua mwisho wake. Jibu la haraka ni kwamba wimbo umegeuka kumbukumbu: ulikuwa sala mwaka 1987, sasa ni picha ya sala, kama vile picha ya moto isivyopasha joto. Jibu hilo lina heshima yake, lakini nadhani limekosea, tena limekosea mahali panapotugusa sana. Sala iliyojibiwa haikomi. Inageuka upande. Iliyokuwa dai mbele ya Mungu inakuwa deni la mwombaji, na tangu hapo anayeisema hasemi tena kile anachokitaka. Anasema kile atakachodaiwa. Na kwa maoni yangu filamu ya Sarafina!, pamoja na udhaifu wake wote, inaonyesha mgeuko huo kwa uwazi ambao jukwaa la 1987 lisingeweza kuuonyesha, kwa sababu jukwaa lilikuwa bado linasubiri.

Ushahidi wa kwanza uko karibu kuliko tunavyofikiri. Mapema katika filamu, wanafunzi wanaiimba Sala ya Bwana shuleni kwa mdundo wa kitongoji chao, miili yao yote ikishiriki. Mtazamaji wa Katavi haoni ugeni hapo, kwa kuwa sala inayoimbwa mstarini asubuhi ni sehemu ya maisha ya kila mtoto aliyesoma Mpanda, Karema au Inyonga. Na wimbo wetu wa taifa wenyewe ni sala: tuni yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, naye aliitunga kama wimbo wa dini. Chama kilichokuja kuitwa ANC kiliuimba katika mkutano wake wa kuanzishwa mwaka 1912. Tanganyika ikauchukua mwaka 1961 kwa maneno ya Kiswahili. Fikiria maana ya uchaguzi huo. Nchi imepata ilichokuwa ikikililia, bendera imepanda, halafu inachagua dua iwe wimbo wake, pale ambapo ingeweza kuchagua wimbo wa ushindi. Tena ubeti wa pili unamwomba Mungu audumishe uhuru uleule uliokwisha kupatikana, ukae na mwenye nchi usimponyoke. Waliochagua maneno yale walielewa jambo ambalo jibu la haraka halilioni: kupata hakujafuta haja ya kuomba, kumebadilisha tu kinachoombwa. Jana tuliomba tupewe. Leo tunaomba tustahili kubaki nacho, na ombi hilo ni zito kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza lingeweza kujibiwa hata mwombaji akiwa amelala.

Dini zetu mbili kubwa zililipima swali hili zamani, na inashangaza jinsi majibu yake yanavyokutana. Mwislamu husoma Al-Fatiha katika kila rakaa, mara kumi na saba kwa siku katika sala za faradhi peke yake, na ndani yake anamwomba Mwenyezi Mungu amwongoze kwenye njia iliyonyooka. Lakini aliyesimama kusali si amekwisha kuongozwa? Asingeongozwa, angekuwa amesimama hapo? Ibn Kathir, mfasiri wa Qur'an wa Dameski aliyefariki mwaka 1373, alilikabili swali hilo waziwazi, na jibu lake ni kwamba mja anauhitaji uongofu kila saa ili athibitike ndani yake na asiteleze. Kwa Wakristo, wiki nne za Majilio kabla ya Krismasi hujaa nyimbo zinazomwita Masiya aje, ilhali Kanisa zima linaamini kwamba alikwisha kuja. Katika parokia za Jimbo la Mpanda kwaya huziimba Desemba bila mtu kusimama na kusema kwamba ombi hilo limepitwa na wakati. Wanaoimba hawajifanyi hawajui. Wanajua, na kujua kwao ndiko kunakoufanya wimbo uwadai: umemwita aje, je, umemwandalia pa kukaa?

Sasa irudie filamu ukiwa na swali hilo mkononi. Kinachobaki kwa muda mrefu baada ya picha ya mwisho, kwangu, si ngoma za wanafunzi, ingawa ni nzuri sana. Ni hatia. Mwalimu Mary Masembuko, anayeigizwa na Whoopi Goldberg, anawafundisha watoto historia ambayo serikali haitaki waijue, anakamatwa, anafia mikononi mwa polisi. Wanafunzi wanamwangukia askari mweusi wa kitongojini na kumchoma moto, na Sarafina yumo katika kundi hilo. Anafungwa, anateswa, anatoka akiwa amebeba vitu viwili visivyokaa pamoja kwa urahisi: alichotendewa na alichotenda. Kisha anamwendea mama yake, mtumishi wa ndani katika nyumba ya wazungu, ambaye kabla ya hapo Sarafina alikuwa akimwona mnyonge kwa kuinama kwake, na safari hii anakwenda kwa unyenyekevu. Ukiusikia wimbo wa kesho baada ya hayo yote, hausikii tena kilio cha asiye na kosa akisubiri haki ishuke. Unasikia mtu anayejua kwamba kesho ikifika itamkuta yeye, na mikono yake hiyohiyo. Mwaka 1992, wakati vyama vya Afrika Kusini vilikuwa vikijadiliana huku watu wakiuana vitongojini, hilo halikuwa pambo la hadithi. Ahadi ni deni, na aliyemtangazia jirani yake kwamba kesho itakuwa njema ameahidi.

Yupo atakayesema kwamba yote haya ni heshima kubwa mno kwa kitu cha bandia. Katika filamu za nyimbo, sauti hurekodiwa studio kwanza. Siku ya kupiga picha mwigizaji huchezesha midomo tu, na akikosea hurudia mpaka mwongozaji aridhike. Sala ya namna gani hiyo, inayorudiwa kwa sababu taa haikukaa vizuri? Hoja hii ina nguvu, na jukwaa lina faida juu ya filamu: pale pumzi ni ya usiku uleule, na sauti ikikatika imekatika. Lakini ukiishika kwa uthabiti, hoja hii inabomoa zaidi ya ilichokusudia. Kwaya zetu hufanya vivyo hivyo. Huingia studio, hurekodi, kisha hushona sare na kwenda kupigiwa picha ufukweni au kwenye maua, midomo ikifuata sauti iliyokwisha kunaswa, na waumini kutoka Sitalike hadi ziwani huziangalia na kuabudu. Na hata bila studio, sala nyingi tunazosali ni maneno ya wengine tuliyokaririshwa utotoni. Tasbihi, rozari, dua ya safari: hakuna hata moja inayongojea mwombaji atunge upya ndipo ihesabike ya kweli. Kurudia si uongo. Uongo ni kusema neno huku umekusudia lisikufunge.

Augustino wa Hippo aliliona jambo hili kwa upande mwingine, na anastahili kusikilizwa kwa sababu alikuwa mkali kwa nafsi yake. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake anakiri kwamba pale sauti inapomgusa kuliko kile kinachoimbwa, anajiona ametenda dhambi; hata hivyo hakutaka nyimbo ziondolewe kanisani, kwa kuwa alikumbuka jinsi zilivyomliza alipoanza kurudi kwa Mungu. Kipimo chake kinafaa hapa. Hatari ya muziki wa filamu hii haitoki kwenye mashine ya kurekodia. Iko katika utamu wake. Ni rahisi sana kuucheza wimbo wa kesho kwenye sherehe, mabega yakipanda na kushuka, bila kukumbuka aliyechomwa wala aliyemchoma. Albamu ya nyimbo ikitenganishwa na filamu inarahisisha usahaulifu huo, kwa kuwa inatupa mwitiko bila kisa. Hapo nakubaliana na wanaolalamika. Lakini dawa yake ni kurudi kwenye kisa, siyo kuukana wimbo.

Na waliouimba hawakuwa watupu. Mama yake Sarafina katika filamu anaigizwa na Miriam Makeba, ambaye Afrika Mashariki nzima inamjua hata kwa Malaika peke yake. Mwaka 1960, akiwa ughaibuni, Makeba alipata habari za kifo cha mama yake, akataka kurudi kumzika, akagundua kwamba pasipoti yake imefutwa. Alikaa uhamishoni miaka 30, akarejea mwaka 1990, na muda si mrefu baadaye akasimama mbele ya kamera akiwa mama anayepokelewa upya na binti yake. Kurudi nyumbani alikuwa amepewa. Mama hakurudishiwa. Atakayesema kwamba mwanamke huyo alikuwa anaigiza tu inabidi aeleze mpaka kati ya kuigiza na kuomba umechorwa wapi, na nani aliyeuchora. Wenyeji wa nchi hii ya Katavi hawakuuchora. Pale kando ya Ziwa Katavi upo mkwaju ambao husadikiwa kuwa makao ya roho ya Katabi, mwindaji wa simulizi aliyeipa hifadhi na mkoa jina lake, na wanaokwenda kuomba baraka huacha sadaka na kucheza ngoma chini yake. Ngoma ile siyo onyesho linalotangulia ombi. Ndiyo ombi.

Wapo pia wanaomtazama mtunzi. Ngema, aliyefariki katika ajali ya gari Desemba 2023, aliwahi kulaumiwa vikali. Mwaka 1996 mchezo wake wa Sarafina II, wa elimu ya UKIMWI, ulizua kashfa kuhusu mamilioni ya randi yaliyotolewa na Wizara ya Afya. Mwaka 2002 wimbo wake AmaNdiya ulilaaniwa kwa kuchochea chuki dhidi ya Waafrika Kusini wenye asili ya India, jamii ya Anant Singh, mtayarishaji wa filamu yenyewe. Je, mikono hiyo inaweza kutupa sala? Wakristo wa Afrika Kaskazini waligawanyika katika karne ya nne kwa swali la aina hii: Wadonati walishikilia kwamba sakramenti inayotolewa na mtumishi mwenye doa ni batili, na Augustino akawajibu kwamba sakramenti ni ya Kristo, si ya mtumishi. Wimbo si sakramenti, lakini mantiki inafaa. Tena, kama sala iliyojibiwa ni deni, basi Ngema naye alidaiwa na wimbo wake mwenyewe, na wimbo ndio unaomhukumu. Ungekuwa kumbukumbu tu, usingekuwa na uwezo huo.

Pingamizi ninaloliogopa zaidi ni jingine. Ni la mtu anayesema: mnasema sala ilijibiwa, ilijibiwaje? Mei 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa Afrika Kusini katika mashambulizi dhidi ya wageni, baadhi yao wakitoka nchi jirani zilizowahifadhi wapigania uhuru. Agosti 16, 2012, polisi wa serikali iliyochaguliwa kwa kura huru waliwaua wachimba madini 34 huko Marikana. Kabla ya hapo filamu ilikuwa imerudishwa katika kumbi za Afrika Kusini Juni 2006, miaka 30 baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi, na aliyeitazama wakati huo aliweza kuuliza kwa haki kesho ile ilikwenda wapi. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba sala yake ilijibiwa ni kumtukana. Na kumwambia kwamba haikujibiwa ni uongo, kwa sababu Mandela alitoka na kura zilipigwa Aprili 1994. Ilijibiwa kwa namna ambayo mwombaji hakuipanga, ikamwachia kazi ambayo hakuiomba.

Mkoa wa Katavi una watu wanaolijua hili kuliko mwandishi yeyote wa tamthilia. Baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, maelfu ya wakimbizi walipewa ardhi Katumba, na mwishoni mwa miaka ya 1970 wengine wakapelekwa Mishamo, wakafyeka msitu na kulima. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo katikati ya miaka ya 1980, alieleza katika kitabu chake cha 1995 jinsi watu wale walivyoisimulia historia yao: uhamisho ulikuwa jaribu linalowatakasa, na mwisho wake ulikuwa kurejea katika nchi yao. Kesho yao ilikuwa na jina, ilikuwa Burundi. Miaka 35 ikapita tangu wakimbie. Mwaka 2007 makazi hayo na ya Ulyankulu yaliwekewa mpango wa kuchagua, kurudi au kuomba uraia wa Tanzania, na walio wengi sana wakachagua uraia. Zaidi ya watu 162,000 walikubaliwa mwaka 2010, ingawa vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014 tu, baada ya miaka ya wasiwasi kuhusu kama wangehamishiwa mikoa mingine. Je, sala ya Mishamo ilijibiwa? Waliomba nchi, wakapewa nchi, siyo ile. Wanaopima sala kwa kulinganisha kilichoombwa na kilichopatikana, kama mwenye duka anavyolinganisha ankara na mzigo, watasema hapana. Lakini mtu hawezi kufyeka msitu kwa miaka 35 akiwa anangoja tu. Wakati wakiomba kurudi walikuwa wakijenga shule na makanisa, wakizika wazazi, na kile walichokifanya wakati wa kuomba ndicho kilichogeuka kuwa jibu. Sala ilikuwa imewafunga kwa ardhi hii kabla wao wenyewe hawajakubali.

Mwaka uleule wa 1992, filamu ilipokuwa inatoka, ANC ilikabidhi kwa serikali ya Tanzania majengo ya Mazimbu, Morogoro, palipokuwa Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu. Shamba la mkonge lililoachwa lilikuwa limegeuzwa shule kwa ajili ya vijana waliokimbia baada ya Juni 1976, yaani Sarafina wa kweli na wenzake waliofika kwetu bila wazazi. Wakaenda kwao, walichojenga kikabaki kwetu, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wengi wa Katumba hawakwenda. Katika shule za Halmashauri ya Nsimbo, wajukuu wa watu walioomba kila siku kurudi Burundi husimama mstarini asubuhi, viatu vikiwa na vumbi jekundu, na kwa tuni ya mwalimu wa Kimethodisti wa Johannesburg humsihi Mungu asiwaondolee nchi ambayo babu zao hawakuiomba.